Sindano za Mama Erica

Mdogo wangu Vestina amefuma masweta ya shule hapa Makambako tangu kabla hajaolewa. Aliolewa Mahongole na Shedrack, mkulima wa viazi, lakini mashine yake aliiacha barazani kwangu, karibu na soko.

Mimba ya kwanza ilipofika miezi saba, aliniambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Katikati mwanga, pembeni giza. Akajifungua Erica, na wiki chache baadaye macho yakarudi. Tukasema ni upungufu wa damu.

Mimba ya pili giza likaja mapema, kichwa kikamuuma mpaka anatapika. Mtoto alizaliwa amekufa. Macho yakarudi tena, ila si yote.

Mama mkwe wake, Bibi Ida, alilisema jambo hilo shambani, mbele ya wavunaji.

"Ng'ombe wangu anazaa kila mwaka na njia ya mtoni anaiona. Huyu tumbo likijaa macho yanazima! Shedrack, ulioa mke au uliokota tochi mbovu?"

Watu wakacheka. Shedrack naye akacheka.

Vestina alijua mimba nyingine itampofusha. Shedrack alitaka mtoto wa kiume, na habari ya macho hakutaka kuisikia. Basi akaanza kwenda zahanati kimyakimya, kuchoma sindano ya kuzuia mimba, ile ya miezi mitatu. Nesi alimpima presha, akamuuliza kama ananyonyesha. Macho hakuulizwa, naye aliona aibu kuyataja.

"Sasa macho yangu yamepona, kaka," aliniambia siku ya kwanza. Alifurahi kweli.

Miaka ikapita. Mimba haikuingia, lakini giza likazidi kusogea. Nikamwambia labda tatizo si mimba. Akanikatalia. "Bila sindano ningekuwa nimeshapofuka." Hakukosa tarehe hata mara moja.

Kisha akafuma masweta ya shule moja kwa mistari myeusi badala ya buluu, na mwalimu akayarudisha yote kwenye gunia. Hapo ndipo Shedrack alipokubali aende hospitali.

Alikutwa na uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo, umeukandamiza mshipa wa macho. Alipasuliwa Dar es Salaam. Siku ya majibu ya maabara daktari, dada mmoja kijana, alituita sote watatu, mimi, Vestina na mumewe.

"Si saratani, mama. Lakini uvimbe wako una vipokezi vya projesteroni, homoni inayoongezeka sana wakati wa mimba. Vipokezi ni kama vinywa. Homoni ikija, uvimbe unaweza kukua. Nadhani ndiyo maana mimba zilikuumiza." Akamtazama. "Umewahi kutumia sindano ya uzazi wa mpango?"

Vestina akageuza uso kunitafuta. Akakosea, akaukabili ukuta.

"Naomba unijibu, mama. Wanawake wengi wanaitumia bila tatizo lolote. Lakini ile ya miezi mitatu ina homoni ya aina hiyohiyo. Kwa uvimbe kama wako, tunaiacha."

"Nimechoma miaka sita," mdogo wangu akasema.

"Sindano ipi?" Shedrack akauliza. Alipoelewa akacheka, kile kicheko cha shambani. "Kumbe macho umeyamaliza mwenyewe!"

Alitangulia kurudi. Tulipofika Mahongole, mlango ulikuwa na kufuli jipya na Erica alikuwa amehamishiwa kwa bibi yake.

Sasa Vestina anakaa kwangu. Jicho moja limekufa, la pili linaona vivuli. Anafuma kwa vidole, mimi namchagulia nyuzi.

Juzi Bibi Ida alikuja na Prisila, mke mpya wa Shedrack, amebeba mtoto wa kiume.

"Kamwene, Mama Erica. Tunataka sweta la mjukuu."

"Rangi gani, mama?"

"Yoyote. Kwako si zote sawa?"

Vestina akanyoosha mikono ampime mtoto. Prisila alimsogeza, lakini bibi akamvuta nyuma.

"Mpime kwa uzi, Prisila. Huyu asimshike."

Prisila akapima, akampa uzi. Vestina akaufunga fundo kwenye kipimo, polepole.

"Na Erica, mama? Kifua chake sasa kimefika wapi? Nimfumie na yeye, bure."

"Erica ana sweta," Bibi Ida akasema. "Baba yake kamnunulia la dukani."

Walipoondoka, Vestina alibaki ameushika ule uzi. Kisha akaniomba nimpe nyuzi za buluu.

"Hakikisha ni buluu, kaka," akasema.