Siku Niliyobeba Friza ya Wenyewe

Nawaambia hii kwa sababu nusu ya Machakos mjini iliniona, na ile nusu nyingine nadhani ilisimuliwa, kwa hivyo hakuna aibu iliyobaki ya kuficha: mimi Mutua, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi na nyumba Syokimau, nilishikwa mchana kweupe nikitoa friza ya wenyewe dukani, na mamangu akitazama.

Mamangu anakaa Masii na anauza maziwa. Yale ya jioni yalikuwa yakimharibikia (joto la kwetu mnalijua), nami nikamwahidi friza. Basi siku moja nikiwa kazini nikaona kwenye simu ukurasa wa duka moja la vyombo vya umeme la pale mjini, duka ambalo nimelipita mara nyingi, jina ni lile, picha ni za pale pale, na bei ya friza imeshushwa mpaka unajiuliza kama wamechoka na biashara. Ningetafuta mtu apite pale aulize, mambo yangeishia hapo. Lakini niliona hiyo ni kazi nyingi, nikaandika ujumbe tu.

Aliyenijibu alikuwa na adabu sana. "Boss, ofa inaisha leo. Kesho lori letu linapita Kyumbi, tutakupatia mzigo hapo."

Nikamuuliza kama naweza kulipa nikishaiona.

"Ukilipa sasa ndio tunaipakia, boss. Na namba ya duka iko na shida leo, tumia ya meneja."

Nikatuma. Simu ikaniuliza, kama inavyouliza kila mara, kama kweli nataka kumtumia pesa mtu fulani ambaye sijawahi kusikia jina lake, nami nikabonyeza ndiyo. (Simu ilijaribu, siwezi kuilaumu.)

Kesho yake, Jumamosi, nikakodi pikapu ya Kilonzo, jirani wa Mama kule Masii, na Mama naye akapanda mbele na nguo zake za kanisani kwa sababu alitaka kuiona friza ikishuka. Tulipita Machakos mjini, tukapita duka lenyewe, tukaenda mpaka Kyumbi, kwenye njia panda ya barabara ya Mombasa, kungojea kitu kilichokuwa ndani ya duka hilo. Pale tulingoja mpaka Kilonzo akala mahindi ya kuchoma, akala na ndizi, na kila lori lililopunguza mwendo Mama alikuwa akiinuka. Nikipiga simu naambiwa mteja hapatikani.

"Mutua, huyu mtu unamjua?" Mama akauliza.

"Ni duka kubwa, mwaitu," nikamjibu (kwetu ndivyo tunavyomwita mama).

"Sikuuliza ukubwa."

Hapo hasira ikanipanda, nikamwambia Kilonzo ageuze gari turudi mjini.

Kuingia tu dukani, friza ile ile imesimama karibu na mlango. Nikamwambia msichana wa duka kwamba hiyo nimeshalipa, naye akasema hajaambiwa kitu, nisubiri amwite mwenyewe. Nikamwambia amwite na chifu akitaka, nikamwashiria Kilonzo, tukaibeba. Sijui nilifikiria nini. Nadhani nilijua niko na haki, na mtu akishajua hivyo huwa hafikirii sana.

Mlangoni friza ikakwama, kona yake moja ikabonyea kwenye chuma cha mlango, na wakati huo huo mwenye duka, Mama Mwende, akatoka hoteli ya jirani alikokuwa akinywa chai, akaona wanaume wawili asiowajua wakitoa mali yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wezi," lakini watu wa bodaboda walikuwa pale nje, na neno hilo hawangoji kuambiwa mara ya pili. Mara nimezungukwa, funguo za pikapu zimechukuliwa, mmoja amenishika mkanda wa suruali, na mimi bado nimeikumbatia friza kwa sababu nikiiachilia itamwangukia Kilonzo miguuni. Niliogopa sana. Watu wameuawa kwa kitu kidogo kuliko friza, na mimi nilikuwa nikieleza habari za ofa na meneja na hakuna anayesikiliza.

Mama akashuka kwenye pikapu, akapita katikati yao polepole.

"Huyo ni mwanangu," akawaambia. "Si mwizi. Ni mjinga. Muacheni aweke hiyo kitu chini kwanza."

Mtu akacheka, na mkanda wangu ukaachiliwa. Mama Mwende akachukua simu yangu, akasoma ujumbe wote, akatikisa kichwa.

"Picha ni zangu, lakini namba si yangu. Hawa watu wanatumia jina la duka langu. Kuna wengine walikuja kuuliza vitu vyao, tukasikitika pamoja, wakaenda. Wewe ndiye wa kwanza kuja kubeba."

Polisi waliandika taarifa, kampuni ya simu ikasema pesa zilishatolewa, na mpaka leo sijaziona. Friza nayo, kwa ile kona, haingeuzwa tena kama mpya, kwa hivyo nikakopa nikainunua. Mama Mwende aliichomeka kwenye umeme, tukangoja ikashika baridi, akaniandikia risiti, yaani safari hii nilinunua friza vile friza inavyonunuliwa. Kilonzo alikataa kuigusa mpaka mwenyewe atangaze mbele ya watu wa bodaboda kwamba imeuzwa.

Tangu hapo nimeapa kwamba pesa yangu haitatoka kabla kitu hakijafika mkononi. Juzi niliagiza viatu kwenye mtandao, malipo ni vikifika. Mwenye pikipiki alipovileta getini nilifungua boksi, nikavaa cha kulia, nikatembea mpaka kwa askari wa geti na kurudi, yeye akiangalia saa.

"Mzee, si kimekutosha?" akaniuliza.

Kimenitosha, nikamwambia, sasa leta cha kushoto.