Mgeni Niliyemfunika kwa Majani ya Mgomba

Anayetaka kucheka acheke. Kwenye samadi kihambani, shamba langu la migomba hapa Uru, uliota mmea nisioujua. Nadhani mbegu ilikuja na majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Mimi mgeni simfukuzi. Viwavi niliwaua kwa majivu na pilipili, jua la mchana nikalikinga kwa majani ya mgomba. Mmea ukanipita kimo! Nikaita wanawake wote wa jirani, na bwana shamba, waje wajifunze kwangu.

Bwana shamba akaniamkia, akanusa jani, akachungulia barabarani.

"Bibi, hii ni bangi. Ing'oe upesi, polisi wakiiona watakubeba wewe."

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Nang'oa," nikamjibu, shina nimelishika. "Lakini kwanza waambie hawa wanaocheka: umeona hata jani moja lenye tundu?"