Upimaji wa Nyota Chumbani kwa Baba

Kikao kilichonifunga hakikuchukua hata muda wa chai kupoa. Baba alikuwa amepigwa kiharusi, kaka na dada wamekuja Songea, na tumekaa wote sebuleni kwetu Mfaranyaki. Baba mkubwa akauliza nani atabaki na mgonjwa. Wote wakanitazama mimi.

"Wewe ndiye kitindamimba, huna mume, huna mtoto," dada akasema. "Una nini cha kukuzuia?"

Nilikuwa na kazi Mbeya, kwenye duka la dawa. Nilikuwa na chumba changu na ufunguo wangu. Lakini inaonekana hivyo si vitu vya kumzuia mtu. Mama alishafariki zamani, kwa hiyo hakukuwa na wa kunitetea, na wao wakasema ni kwa muda tu. Mwenye duka, Mungu ambariki, aliahidi kunishikia nafasi yangu mpaka mvua ziishe.

Mvua za Songea hazina haraka. Nilimgeuza baba kitandani asipate vidonda, nikamlisha uji, nikafua mashuka yasiyokauka, nikasikiliza bodaboda zikipita nje kuelekea mjini bila mimi. Nikichomoka kidogo kwenda dukani, jirani aliniuliza, "Mgonjwa umemwachia nani?" kabla hata hajaitikia salamu. Nililichukia swali lile kuliko uji, kuliko mashuka. Na nilijichukia kwa kulichukia, maana baba yangu nampenda.

Ndipo nikaurudia mchezo wangu. Nilikuwa nimekuja na kompyuta mpakato, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa mtandaoni wa kuendesha meli ya anga, ambao ulinilia bando la simu bila huruma. Watu wengine humo hupigana, wengine hufanya biashara. Mimi nilichagua upimaji wa mbali. Unapewa eneo ambalo hakuna aliyelifikia, unaruka kutoka nyota hadi nyota, unaizunguka kila sayari ukiipima, kisha unarudi kituoni kukabidhi vipimo. Mafuta unachota njiani, kwa kupita karibu na nyota kubwa; ndogo hazina kitu. Meli ikikuharibikia kabla hujarudi, vipimo vyote vimepotea na safari haihesabiki. Ni kazi ya kuchosha, mchana kutwa giza na namba. Niliipenda kwa sababu huko hakuna anayekuuliza umemwachia nani.

Nilichezea chumbani kwa baba, kwa kuwa hapo ndipo nilipotakiwa kuwa. Kompyuta niliiweka juu ya stuli kando ya kitanda. Sikudhani anaitazama. Baba alikuwa dereva wa malori, amebeba tumbaku ya Namtumbo tangu ujana mpaka alipostaafu, na tangu augue alikuwa mtu wa kutazama ukuta. Siku moja nikiwa naikaribia nyota kubwa nikachote mafuta, nikasikia sauti kutoka kitandani.

"Toa gia."

Mdomo wake ulikuwa umepinda, maneno yakitoka yanaburuzika. Nilidhani anaweweseka.

"Toa gia, mama," akarudia. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mteremko huo. Unachoma mafuta bure."

Madereva wa zamani wote wana ugonjwa huo. Wakiona mteremko wanatoa gia, lori linajiendea lenyewe, na mafuta yaliyookolewa tusiulize yaliishia wapi. Nikamwambia, baba, hili si lori. Akanikazia jicho lile ambalo hata kiharusi hakikulilegeza. Basi nikazima injini. Nyota ikatuvuta papo hapo, king'ora kikalia, skrini ikawa nyekundu yote, na baba akapiga kelele, "Breki! Breki!" kana kwamba huko kuna breki. Tulichomoka kwa bahati tu, meli imeungua ubavu mzima, vipimo vya wiki kadhaa vimenusurika kwenye tundu la sindano. Nikamgeukia nikiwa tayari kumfokea.

Alikuwa anacheka. Upande mmoja tu wa uso, mate yakimchuruzika, lakini anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu aanguke. Nikacheka na mimi, hasira zikiwa bado hazijaisha.

Kuanzia hapo tukawa wawili melini. Asubuhi nikiingia na uji, hata shikamoo yangu hakuingojea. "Tumefika wapi?" aliuliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, nikamfundisha vitufe vichache, na kabla ya Kwaresima alikuwa anaendesha yeye, mimi napima. Alikuwa mbishi, alinipinga kila njia niliyochagua, alitaka kujua kwa nini hakuna mtu wa kutupungia mkono njiani.

Jumamosi moja wanajumuiya wa kanisani kwetu walikuja kusali nyumbani, kama wafanyavyo kwa kila mgonjwa. Mchezo ule hausimami, na watu waliokuja kukuombea huwaambii wasubiri barazani. Wakajazana chumbani na rozari zao. Katikati ya sala, mama mwenyekiti akaiona skrini akashindwa kujizuia.

"Mzee, hiyo ni sinema gani?"

"Tupo kazini," baba akamjibu. "Endeleeni tu kusali."

Nilijiuma midomo mpaka ishara ya msalaba ya mwisho. Lakini asidhani mtu kwamba nilikuwa nimepona uchungu wangu. Mvua zilikuwa zinapungua. Dada alikuwa ameahidi kuja kunipokea zamu baada ya Krismasi, ikawa baada ya shule kufunguliwa, ikawa baada ya Pasaka. Kila nikimpigia, mtoto fulani ana homa. Kisha mwenye duka akapiga simu. Kuna binti ameomba ile nafasi, akasema, na kama sirudi mwisho wa mwezi, itabidi ampe. Nilikuwa nimesimama pale pale kando ya kitanda, sikuwa na pengine pa kusimama.

"Mpe tu," nikamwambia.

Nikaenda uani, nikajificha katikati ya mashuka kwenye kamba, nikalia kwa sauti. Nilimkasirikia dada, nikamkasirikia kaka, nikamkasirikia na baba mwenyewe kwa kuendelea kuwa hai kwa namna ile. Naliandika kama lilivyokuwa.

Jioni kaka akapiga simu ya kumjulia hali mgonjwa, ile ya haraka haraka aliyoizoea. Nikaiweka sikioni kwa baba.

"Mleteni mwingine," baba akasema, salamu haijaisha. "Huyu anaondoka."

Nikamsikia kaka akianza kueleza ugumu wa mambo.

"Nimesema," baba akasema, na kwa mkono wake mzima akaisukuma simu.

Dada akaja wiki hiyo hiyo, kanuna, na mtoto wake mdogo mgongoni. Nikampigia mwenye duka kwa aibu, akanijibu kwamba alijua nitabadili mawazo, hakuwa amempa mtu. Nilipokuwa nafunga begi, baba akaweka kiganja chake juu ya kompyuta.

"Hii inabaki."

Meli ilikuwa mbali sana wakati huo, karibu na ukingo wa ramani, imejaa vipimo vya msimu mzima wa mvua. Dada akakubali kuiunganisha na simu yake, bando nitalipa mimi, nami nikamwelekeza baba vizuri. Nikamwonyesha pa kugeuzia, nyota za kuchotea mafuta wakati wa kurudi, na kituo cha kukabidhi kazi yetu. Akaitikia kwa kichwa, kila hatua. Nikambusu kwenye paji la uso, nikapanda basi.

Mbeya nilipata chumba kingine. Siku za mwanzo nilikuwa natoka tu nje bila safari yoyote, nazunguka mtaa, narudi, kwa raha ya kufunga mlango na kuufungua mwenyewe. Kila jioni niliitazama meli yetu kupitia simu, maana akaunti ilionyesha ilipo. Haikuwa imegeuka. Ilikuwa inakwenda mbele, nyota moja, kisha nyingine, polepole kama mtu anayetumia mkono mmoja. Nikadhani hakunielewa. Siku nilipoona kwamba mbele yake zimebaki nyota ndogo tu, na akiruka kidogo tena hatakuwa na mafuta ya kurudi, nikatoka nje ya duka nikampigia dada, nikamwambia aiweke simu sikioni kwa baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, umepitiliza. Geuza leo leo. Ukiendelea mbele hutaweza kurudi, na kazi yetu yote itapotea. Unanisikia? Rudi."

Kwa nyuma nilisikia dada akimgombeza mtoto wake, na karibu zaidi, mvumo wa injini ya meli.

"Nirudi wapi, mama?" baba akasema, bila hasira hata kidogo. "Humu?"

Watu walikuwa wanapita mbele yangu, kila mtu na njia yake. Nikaifungua ramani. Nikamwambia ailenge ile nyota ndogo ya kushoto, mafuta yatamfikisha.