Kamera Niliyoilaza Kwenye Mpunga

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa kule Itaka, nikaacha shule darasa la tatu. Nilipalilia kahawa za watu. Nilibeba magunia mpakani Tunduma mpaka bega moja likashuka kuliko lingine, na bado limeshuka. Kamera yangu ya kwanza hakunipa mjomba wala padri. Niliinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kamera ya mkanda, ya chuma, nzito kama nyundo. Akaniambia kwa heshima ya kwao, "Mukwai, hii utazeeka wewe, yenyewe itabaki." Ndiye muuzaji pekee ambaye hajanidanganya.

Kamera hiyo imeanguka kutoka kwenye pikipiki Mlowo. Imeingia tope. Skrubu yake moja ilichongwa na fundi saa, na sponji za mlango wake, zile zinazozuia mwanga, zilipoisha nilibandika vipande vya kofia yangu ya zamani. Kila mara niliifungua mwenyewe mezani, nikaipangusa, nikaifunga, ikapiga. Imelisha watoto watano.

Halafu nikapata upumbavu wa wazee wenye hela. Vijana wa mjini walinicheka kwenye sherehe, "Mzee, bado unapiga na redio?" Nikatoa mavuno mazima ya kahawa nikanunua dijitali, ile ya daraja la juu kabisa, dukani Tunduma. Muuzaji akaapa haiingii maji wala vumbi. Binti yangu wa mwisho alipochumbiwa na kijana wa Kamsamba, nikatangaza kwamba hakuna kukodi mpiga picha, nitapiga mimi. Binti akasema, "Baba, siku hiyo ukae kama wazazi wengine. Tukodi mtu." Nikamwambia anyamaze.

Siku mbili kabla ya harusi nikashuka Kamsamba kwa bodaboda. Mvua ilitupiga njia nzima. Nilipofika, kamera inawaka na kuzima, kioo kina ukungu. Nilikuwa nimesikia kwamba simu ikilowa inalazwa kwenye mchele, mchele unanyonya maji. Nikamwomba mchele mama mkwe wa binti yangu. Akasema, "Mchele wa harusi umeshapimwa, mzazi mwenzangu. Mpunga upo."

Nikasema mpunga ni mchele wenye koti, lete gunia. Nikang'oa lenzi ili hewa ipite, nikaizika kamera humo. Hakuna aliyenishauri. Akili yangu mwenyewe.

Asubuhi ya harusi nikaitoa. Makapi na ndevu za mpunga zilikuwa zimeingia hadi kwenye kile kipazia cha ndani kinachofunguka ukipiga. Nikabonyeza. Ikasaga kidogo, ikanyamaza. Binti yangu alikuwa anavalishwa chumba cha pili. Akaja mlangoni na shela nusu kichwani, akaiangalia kamera, akaniangalia mimi.

"Nilikwambia, baba."

Akarudi ndani.

Kwenye begi nilikuwa na ile ya mkanda, siachani nayo, na mkanda mmoja uliopitwa na tarehe. Picha thelathini na sita kwa harusi nzima. Kanisani nilifukuza watu kama mbuzi wasiniharibie picha. "Asiyehusika atoke!" Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akanivuta koti.

"Baba, hebu tuone ilivyotoka."

"Huku nyuma ni chuma tupu, mama. Subiri mwezi."

Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ametupiga picha au ametusomea mita?" Wakacheka. Mimi sikucheka.

Baada ya harusi nikaipeleka dijitali kwa fundi Mbeya. Aliifungua, akachungulia, akaifunga. "Mzee, saketi imekula maji, kipazia kimekwisha. Vipuri kampuni haituuzii sisi wa mtaani. Nunua nyingine." Kamera yenyewe haina miaka miwili! Nikarudi kwa yule muuzaji Tunduma, nikamwekea mezani.

"Uliniapia haiingii maji."

"Niliapia mvua, mzee. Mpunga hukunitajia."

Nilitaka kumpiga nayo kichwani. Mpunga ni kosa langu, nakubali. Lakini kitu unakiuzia mtu kwa mavuno ya mwaka mzima, halafu kikiumwa hakuna wa kukifungua na kukitibu, huo ni wizi wenye risiti. Nimesema na sifuti.

Mkanda ulisafishwa Dar es Salaam, picha zikarudi kwa basi. Kati ya thelathini na sita zilitoka ishirini na moja, nyekundunyekundu kwa uzee wa mkanda. Ya kuvishana pete haikuwemo. Wakati huo nilikuwa nazungusha mkanda kwa kidole, na wao wakawa wameshamaliza. Za simu alizotumiwa binti yangu na wageni zimejaa migongo ya watu.

Nilimpelekea mwenyewe. Akazipitia zote taratibu, akarudia.

"Ya pete?"

"Haipo."

"Na yako?"

Sikuelewa.

"Picha yako wewe, baba. Siku ya harusi yangu."

Nikamwambia mpiga picha hajipigi. Akazirudisha kwenye bahasha, akaenda kuosha vyombo.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Tunduma, vyumba vitano. Shamba la kahawa Itaka. Ng'ombe wanne. Pikipiki moja. Kamera moja inayopiga. Kamera moja isiyopiga. Masanduku mawili ya negativu za harusi za watu.