Tandiko la Pikapu ya Taratibu

Watu walimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake barabarani. Kwa miaka mingi pikapu yake ilibeba viti vya kanisa, magunia ya saruji na, bila malipo, majeneza ya washirika. Kazi hiyo ya mwisho aliiita sadaka yake, maana kuimba Mungu hakumjalia.

Bodi ya nyuma ilipoanza kuliwa na kutu, alitandika ndani yake plastiki ngumu, nyeusi, iliyokatwa kwa umbo la bodi. Ilipendeza. Kabla ya kila mazishi aliiosha kwa sabuni, kisha akaipaka mafuta ya kung'arisha ili marehemu apande penye heshima. Ndipo siku ya kumzika mwalimu wa kwaya, kwenye mteremko, jeneza likateleza, likagonga kabini. Taratibu akashtuka, akakanyaga breki. Likagonga tena.

Mama yake, aliyekuwa amekaa mbele naye, alisubiri mpaka wafike nyumbani.

"Mwanangu, siku yangu ikifika, mnikodie gari."

"Mama, gari si lipo?"

"Hilo? Sijawahi kubisha hodi kwa dereva, na sitaanza nikiwa maiti."

Taratibu alicheka, halafu akaacha. Daktari alikuwa ameshasema moyo wa mama umechoka. Na yeye aliyebeba mama za watu mtaa mzima, wa kwake abebwe na mgeni?

Akaenda kwa fundi rangi. Fundi akamweleza habari za tandiko la kupulizia: dawa nzito kama lami, ikikauka inakuwa ngozi ya bodi yenyewe.

"Inashika?"

"Mzee, inashika mpaka utaichukia. Ila haitoki. Plastiki ukiichoka unaing'oa, unauza. Hii ukishapuliza, mmeoana."

"Inang'aa?"

"Haing'ai. Inakwaruza kama msasa."

Hapo Taratibu aliumia kidogo. Kisha wakaing'oa plastiki. Chini yake maji yalikuwa yametuama, na kutu ilikuwa ikila chuma kwa raha zake. Fundi akavua kofia kama yuko msibani.

"Puliza," Taratibu akasema.

Pikapu iliporudi nyumbani, mama alisaidiwa kupanda. Akaketi katikati ya bodi, akajisukuma kwa visigino. Hakusogea. Akapapasa kwa kiganja.

"Sura haina."

"Haina, mama."

"Basi utanibeba wewe. Nishushe sasa, gauni limeshikwa."

Bwana alimwita mama kabla mwaka haujaisha. Taratibu aliendesha mwenyewe, na kwenye mteremko nyuma kulikuwa kimya. Makaburini, vijana walishika vipini wakavuta. Jeneza halikusogea. Wakavuta tena, mmoja akiweka mguu kwenye gurudumu.

"Halivutwi hilo," Taratibu akasema, akipanda juu. "Hilo linanyanyuliwa."

Akashika upande wa kichwani, akaomba kimoyomoyo, wakanyanyua.