Joto Chini ya Mabati Mapya

Nilipokuwa darasa la saba, hapo Malindi, kamati ya wazazi iliezua makuti ya darasa letu na kuezeka mabati. Makuti, walisema, ni ya mabanda ya kuku. Siku hiyo kulipikwa pilau, na akina mama wakapiga vigelegele.

Sisi tuliokaa chini ya fahari hiyo tuliokwa. Ikikaribia saa sita, jasho lilinitiririka hadi kwenye kiganja na wino ukatapakaa. Nakiri nina maradhi ya kutaka kila kitu kikae sawa. Doa likiangukia hesabu, nilichana ukurasa nikaanza upya, moyo ukinidunda kama niliyeiba. Kazi ikawa haiishi. Mwalimu wa hesabu akaandika kwa wino mwekundu: mvivu.

Neno hilo sikulimeza. Ulipofika mtihani wa hesabu wa kupanda darasa la nane, ambao anayeanguka hurudia mwaka, nilichukua karatasi yangu nikatoka. Jiko la shule lilikuwa bado na makuti. Nikaketi humo juu ya gunia la mahindi.

"Wee! Wapi?" mwalimu alinifuata.

"Hapa kuna upepo, mwalimu."

"Bibi harusi ataka kupepewa!" mwenzangu mmoja alipiga kelele dirishani, darasa likacheka.

"Rudi ndani, ama nakupa sufuri."

"Nipe, mwalimu. Lakini hesabu nitazimaliza."

Meno yangu yalikuwa yakigongana kwa hofu, wallahi, na joto lote lile. Alisimama karibu nami anilinde nisiibie. Punde akajifuta shingo, akaegemea nguzo, akafungua kifungo cha shati. Hakurudi darasani mpaka mwisho, na huko nyuma wenzangu walinakiliana watakavyo.

Wao walipanda. Mimi nilimaliza hesabu zote, karatasi haina hata doa, nikapewa sufuri niliyoahidiwa.

"Nenda kaombe radhi, mwanangu," mama alinisihi. "Urudie mwaka, yaishe."

"Radhi ya nini, mama? Ya kusikia joto?"

Mwaka uliofuata nilisoma darasa la nane kizingitini kwetu, penye upepo, kwa vitabu vya kuazima, bila mwalimu. Kila asubuhi niliposikia kengele ya shule niliogopa kwamba nimejiharibia maisha. Nilifungua kitabu hivyo hivyo. Sikurudi.