Maji ya Moto kwa Mtoto Asiyelala

Sikwenda kutalii. Ninyi mlio nyumbani mnaodhani nilikwenda kujistarehesha huku wengine wakichuma chai, nilikwenda kutafuta usingizi. Mtoto wetu Kiprotich alikuwa na miezi mitano, mzima wa afya, mashavu yamejaa, na alikuwa halali. Daktari alimpima masikio, koo na tumbo akasema hana kitu. Mchana yaya alimbembeleza akasinzia kidogo kidogo, lakini giza likiingia alifungua macho na kulia, nami nikawa natembea naye kutoka jikoni hadi sebuleni mpaka kunakucha. Kukicha naenda kufundisha. Wiki ile nilisinzia nikiwa nimesimama ubaoni, chaki mkononi, na wasichana wa kidato cha pili wakaninyamazia kwa huruma. Huruma yao iliniudhi kuliko kelele.

Mume wangu, Kirui, ana duka la dawa za mifugo mjini Kericho. Yeye hulala. Ni mtu mwema, lakini akishaweka kichwa kwenye mto, hata paa likiezuliwa hana habari. Ndiye aliyeleta wazo la spa. Mteja wake alikuwa amemsifia mahali fulani chini ya Bomet, ambako maji yenye madini hutoka ardhini yakiwa moto, na mtu akiyaoga hulegea mwili mzima.

"Twende Ijumaa turudi Jumapili," akasema. "Wewe upumzike, mtoto naye aoge. Na kama hiyo haitasaidia, Moraa, tumwachie Mama huko Boito mpaka aanze kutembea. Hivi utaisha."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba angesema tumwachie polisi wa barabarani ningesema sawa. Lakini baada ya kusema nilielewa safari hii ilikuwa imebeba nini. Mtoto asipotulia, Jumapili jioni ningerudi Kericho mikono mitupu.

Ijumaa alasiri tuliondoka kwa gari la duka, ambalo hunuka chakula cha kuku hata likioshwa. Mimi na mtoto tulikaa nyuma. Kutoka Kericho chai imetanda pande zote mbili za barabara, imekatwa sawasawa, na wageni husimama kupiga picha. Mimi nilizaliwa ndani ya chai hiyo. Baba alitoka Nyamira akaja kuchuma, tukalelewa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo kijani hicho hakinishangazi. Karibu na Litein mvua ikatushika, kama inavyofanya kila alasiri, na Kiprotich akalia kwa kushindana nayo hadi tulipopinda kuelekea Boito.

Tulipofika Boito nilidhani tunapita kusalimu na kulala tu. Mama mkwe wangu, ambaye sasa sote tunamwita Gogo, yaani nyanya, alikuwa mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na kikapu kilichofungwa tayari, blanketi, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha.

"Chamgei, Mama Kiprotich," akanisalimu, akanishika mkono muda mrefu. "Umekonda. Hata macho imeingia ndani."

"Ni huyu mjukuu wako, Mama."

"Najua. Kesho tutaenda tumalize hiyo maneno."

Nilimtazama Kirui. Yeye alikuwa akichunguza kifuta kioo cha gari kana kwamba hajawahi kukiona.

"Mama anakuja?" nikamuuliza tulipobaki wawili.

"Si ni vizuri? Atakusaidia na mtoto."

Jumamosi asubuhi tulishuka hadi Silibwet, Gogo akiwa amekaa mbele na kibuyu mapajani. Nilikuwa sijalala, bila shaka. Pale senta tulisimama kununua ndizi kwa mama mmoja aliyetoka kwetu Kisii, na kwa kuwa Gogo hajui Kigusii wala yule mama hajui Kipsigis vizuri, waliongea Kiswahili, nikasikia kila kitu.

"Mnapeleka kababy wapi na hii baridi?" yule mama akauliza.

"Kwa maji ya Arap Borowo," Gogo akajibu. "Tunampeleka akaone mahali yake, atulie."

Nikauliza Arap Borowo ni nani. Gogo akanieleza bila kuona haya, maana kwake hakukuwa na la kuficha. Ninyi mnaotoka upande wetu huenda hamjui jambo hili. Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa naye wakataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, wakimnusisha ugoro kidogo, na jina ambalo mtoto ataliitikia kwa chafya ndilo la mzee aliyerudi, hata kama kila siku mtoto huitwa jina jingine. Nilikuwapo siku hiyo, ila nilikuwa bado naumwa na kila kitu kilinipita juu juu. Nakumbuka chafya na vigelegele. Sikujua mzee mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

"Huyo alikuwa mjomba wa babu yake Kirui," Gogo akasema. "Alikuwa anachunga boma usiku. Chui ikikuja, wezi wakikuja, yeye ako macho. Usiku halali kabisa. Na ng'ombe yake alikuwa anapeleka huko chini kwa ng'enda, ile maji ya chumvi. Sasa huyu mtoto si mgonjwa. Anachunga. Tukimpeleka kwa maji yake, tumwambie kazi imeisha, atalala."

"Kwa hiyo hatuendi kupumzika," nikamwambia Kirui.

"Tunaenda kwa yote mawili," akajibu, macho barabarani.

Nilikasirika. Nakiri nilikasirika sana, wala si kwa sababu ya mzee. Mimi ni Msabato, na hapo nilikuwa safarini siku ya Sabato, Gogo ni mama wa kanisa ambaye ni nadra kukosa ibada, na kila mtu ana yake anayobeba kimyakimya nje ya kanisa. Kilichonichoma ni kwamba niliambiwa safari ni yangu, kumbe nilikuwa mbebaji wa mtoto tu. Kuanzia Silibwet sikusema neno. Barabara iliteremka, hewa ikapata joto, chai ikaisha na mahindi yakaanza, kisha miiba na vumbi.

Kabla ya adhuhuri tukafika. Spa yenyewe ni vyumba vichache vya mabati mekundu, bustani ya maua, na madimbwi mawili ya saruji, la juu likitoa mvuke. Harufu ni ya mayai yaliyoharibika, ingawa baada ya muda pua huizoea. Mwenyeji wetu, dada mmoja mchangamfu aitwaye Chebet, alitupa funguo na maelezo.

"Hiyo ya juu ni moto sana, msiingize mtoto. Mtoto aoge hii ya chini. Na msishtuke mkiona ng'ombe."

"Ng'ombe wa nini?" nikauliza.

Akanionyesha ukuta wa nyuma, ambao umejengwa vizuri kwa mawe lakini una pengo pana kama lango. Alisema mwenye spa alipozungushia ukuta, wazee wa pale walikuja wakakaa kwenye nyasi tangu asubuhi hadi jioni bila kugombana na mtu, wakisema tu kwamba wanasubiri ng'ombe wao wanywe. Kesho yake wakarudi. Pengo likatobolewa. Nilipenda habari hiyo, ingawa nilikuwa nimenuna.

Mchana tuliingia majini. Niliketi na Kiprotich mapajani, maji yamenifika kifuani, yana utelezi kidogo na chumvi mdomoni. Mtoto alinyamaza. Alipiga maji kwa kiganja, akashangaa, akapiga tena. Gogo aliingia na gauni lake hadi kiunoni, akaomba kwanza kwa jina la Yesu, sala ndefu yenye kututaja sote, kisha akageukia mtoto na kuanza kuzungumza naye Kipsigis kwa sauti ya heshima ambayo mtu hampi mtoto. Nilielewa nusu. Alimwambia ng'ombe wameingia wote. Alimwambia boma limefungwa. Akanywa funda la maziwa kibuyuni na kumpulizia matone kifuani kwa baraka, na Kiprotich akamcheka usoni.

Hasira yangu ilipungua hapo, nami sikutaka ipungue. Ni vigumu kumkasirikia mwanamke aliyelowa hadi kiunoni kwa ajili ya mtoto wako.

Jioni ng'ombe walipita pengoni kwa utaratibu wao, wakanywa kwenye mfereji unaotoka madimbwini, na Kiprotich akalala mikononi mwa baba yake. Kirui alinikonyeza. Nami nikaamini, kweli nikaamini. Giza lilipoingia vizuri, mtoto akafungua macho na kuanza. Sikulia, maana kulia nako kunataka nguvu. Gogo akaja mlangoni, akamchukua na blanketi lake, akaniambia nifunge mlango kwa ndani.

Jumapili niliamka jua likiwa juu ya mabati. Kwa muda sikujua niko wapi wala mimi ni nani. Kifua kilikuwa kimejaa maziwa, kinauma, na kichwa kilikuwa chepesi ajabu. Nilimkuta Gogo kwenye benchi la nje, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, macho mekundu. Kiprotich alikuwa mgongoni kwake, macho makavu, anaangalia kuku.

"Hajalala?"

"Wapi." Alicheka kwa uchovu. "Ukitembea naye, ananyamaza. Ukikaa, analia. Tumezunguka hii ukuta mpaka mimi najua kila jiwe."

"Kwa hivyo mzee amekataa."

"Mzee ni mzee. Hawezi kusikia mara moja." Alinifungulia mtoto nimnyonyeshe. "Na wewe umefanya hii peke yako kila siku?"

Nikasema ndiyo. Gogo alikaa pale akinitazama hadi mtoto aliposhiba.

Safari ya kurudi nilitamani iwe ndefu. Mahindi, kisha chai ya kwanza, kisha ukungu na baridi ya kwetu. Kiprotich alishika kidole changu na hakukiachia hadi Boito. Hatukuzungumzia makubaliano, kwa sababu hayakuwa na la kuzungumzia: maji tulioga, mtoto hakulala.

Tulipofika, Kirui alizima gari, akafungua mlango wa nyuma, akatoa mkoba wa mtoto na kuuweka barazani. Aliuweka taratibu, kwa huruma. Kila mtu alikuwa ananihurumia wiki ile.

"Rudisha huo mkoba," nikasema.

"Moraa, tulikubaliana."

"Nilikubali nikiwa nimelala. Sasa nimelala vizuri nikaamka. Rudisha."

"Na usiku utafanya nini? Ufe?"

Nilisimama nimemkumbatia mtoto kana kwamba hilo lingetosha. Ndipo Gogo, aliyekuwa bado anateremka garini na kikapu chake, akamwita mwanawe.

"Kirui. Arap Borowo alikuwa mwanamke?"

"Hapana, Mama."

"Usiku pale boma, nani alikuwa anakaa na yeye?"

Kirui akautazama mkoba. Nadhani alikwisha kuona mama yake anakoelekea.

"Wanaume," Gogo akasema. "Baba yake, ndugu yake. Mwanamke hachungi boma usiku. Sasa huyu ni Arap Borowo, wewe mwenyewe ulikubali nilipokwambia, ukaleta gari. Na umempatia mwanamke akeshe na yeye miezi mitano. Hiyo ni nini? Mimi nimekesha moja tu na mgongo imeisha."

"Mama, asubuhi nafungua duka."

"Na yeye anafungua shule. Beba mkoba."

Kirui alisimama kidogo akiwa ameshika kiuno, mtu mzima mwenye duka, kisha akaubeba hadi garini. Nilipokwisha kupanda, Gogo akaja dirishani kwangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alipomlea Kirui kulikuwa na mama mkwe, mawifi wawili na jirani asiyeolewa, na hata hivyo alichoka. Nikamwambia kwetu kwenye laini ilikuwa hivyo hivyo, mtoto akilia majirani husikia wote na mmoja wao huja. "Basi," akasema, "nyinyi huko mjini mmefunga mlango." Kutoka Boito hadi Kericho nililala kwenye harufu ya chakula cha kuku, na sikuiona chai hata jani moja.

Wanaoniuliza kama maji yale yanafaa nawaambia yanafaa kwa mgongo na ngozi. Kwa mtoto asiyelala hayana lolote. Nilichopata mimi hakikutoka majini. Kilitoka kwa mwanamke aliyekesha zamu moja badala yangu, halafu akasema alichokiona.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Kirui sebuleni, shati limelowa mate begani, anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anamtazama kidevu. Kirui naye alinitazama nikiwa nimevaa tayari kwenda kazini.

"Hivi ndivyo ulikuwa unafanya?" akaniuliza.

"Ndivyo."

"Na mimi niko hapo ndani, nimelala."

"Ndiyo, Baba Kiprotich."

Akambadilisha mtoto bega, akageuka, akaendelea kutembea.